Ndege Iliyotungojesha Kisangani

Mmeniuliza mmoja mmoja, na wengine mmeogopa hata kuuliza: mbona nimerudi peke yangu? Mliniona nikipaka rangi chumba cha nyuma. Mlinisindikiza kununua godoro, na Mama Salome alinishonea mapazia ili baba yangu asisumbuliwe na jua la asubuhi. Kisha mkaniona nashuka kwenye bajaji na sanduku langu tu. Hapana, Papa hajafa. Ni mzima, na juzi alilalamika kwenye simu kwamba Odette, mdogo wangu, anazidisha chumvi kwenye pondu, kisamvu cha kwetu. Lakini swali lenu siwezi kulijibu kwa sentensi moja, nimesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na kengele inalia. Nimekaa nikaandika. Someni, halafu mtanielewa au mtanilaumu, ni shauri lenu.

Morogoro hadi Kinshasa

Kwa njia hii sina mengi. Hamisi, mume wangu, alinifikisha Dar, na kuanzia hapo nikawa mtu wa foleni na viti vya plastiki. Mambo ya tiketi na mihuri hayana ladha, nayaruka.

La kukumbuka ni Kinshasa. Nilifikia kwa binamu wa mama yangu, na Lingala yangu iliyokaa miaka bila kazi ikaniaibisha. Nilitaka kumwambia nimeshiba, nikasema neno lililomfanya anijazie sahani upya. Nikala, maana samaki wa chumvi na kwanga, ule mkate wa muhogo wa kukata kwa uzi, nilikuwa nimeviota Morogoro mara nyingi. Nilikula huku machozi yananilengalenga, naye akadhani ni pilipili.

Kinshasa hadi Kisangani

Ndege ilipoanza kushuka niliona msitu, kisha mto, kisha msitu tena. Nilikuwa nimerudi mara moja tu tangu niolewe, na mara hiyo ilikuwa ya kumzika Mama, mwaka jana. Siku zile sikuona kitu. Safari hii niliona kila kitu: udongo mwekundu, mashua ndefu zilizojaa watu, moshi wa mashamba.

Odette alinipokea kwa kelele. Papa alikuwa nyumbani, amevaa shati la kanisani, ameketi mlangoni. Nikapiga magoti kidogo, kama nilivyojifunza Tanzania, nikasema, "Shikamoo, Papa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Shika nini? Mama, huku tunasema jambo!"

Huwa ananiita mama, kama baba wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Kando ya maporomoko

Papa ni mvuvi. Aliwahi kuwa, anasema Odette, lakini Papa mwenyewe hakubali hiyo "aliwahi". Kwetu watu husimika miti mikubwa ndani ya maporomoko, pale maji yanapopasuka juu ya mawe, wakaning'iniza mitego ya vikapu mirefu kuliko mtu. Magoti yake hayamruhusu tena kupanda ile miti. Hata hivyo kila alfajiri yuko pale juu ya mawe, anawapigia kelele vijana kwamba kamba imelegea, na wao wanampa samaki wake.

Maji yale yana ngurumo, kwa hiyo watu wa kando yake tunazungumza kwa sauti kubwa. Papa hajui kunong'ona. Siri zake zote mtaa mzima unazijua.

Nilikuwa nimekwenda kumchukua. Tangu Mama afe analala peke yake, na mimi huku nililala nikiwaza ameanguka, amekosa dawa ya presha, hakuna wa kumpa maji. Nilimbembeleza siku baada ya siku. Nilimwambia kuhusu chumba, kuhusu wajukuu wanaotaka kumwona, kuhusu hospitali iliyo karibu. Alisikiliza, akabadili mazungumzo. Jioni moja Odette alikuwa ametwanga lituma, ndizi zile zinazopondwa mpaka zinakuwa laini, na samaki wa mchuzi. Papa akanawa, akala, halafu akasema, "Bon. Nitaenda na wewe."

Nilimkumbatia mikono yake ikiwa na mafuta. Odette aliinuka. Akakusanya vyombo.

Majirani wakaja kuaga. Walileta samaki wa moshi waliofungwa kwa majani, karanga, mihogo. Rafiki yake wa ujana, Papa Bosongo, alikaa karibu naye mpaka giza likaingia, na sikuwasikia wakisema kitu, wao waliozoea kupigiana kelele kutoka jiwe hadi jiwe.

Barabara ya uwanja wa ndege

Asubuhi ya safari Papa alivaa koti lake la kijivu na akabeba mfuko mmoja wa mkononi. Mizigo mingine yote, pamoja na samaki, ilikuwa kwenye sanduku langu. Alikataa kuupeleka mfuko wake kwenye buti la teksi, akaupakata.

Odette alikuja nasi. Njiani Papa alimpa maagizo: paa lirekebishwe upande wa jikoni, mbuzi wa jirani asiingie kwenye mihogo. Odette akawa anajibu, "Ndiyo, Papa," na anatazama nje. Walipoagana uwanjani, yeye ndiye aliyelia. Papa alimpigapiga begani kama mtu anayemtuliza mtoto wa mwenzake, akaingia ndani bila kugeuka.

Ndani ya ndege, bado chini

Tulipanda asubuhi mapema. Papa hakuwahi kupanda ndege. Nilimpa kiti cha dirishani, akakishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na mhudumu mmoja mrefu aitwaye Patrick akaja kumfunga mkanda. "Tonton, usiogope, hii mukanda ni kama ya suruali." Papa akatabasamu.

Mlango ukafungwa. Ndege ikasogea kidogo, ikasimama. Injini zikazimwa.

Rubani akatangaza kwa Kifaransa kwamba Kinshasa kuna tufani, ndege haziruhusiwi kushuka, nasi tunasubiri *créneau*. Ni neno la kawaida la watu wa ndege, maana yake nafasi yako ya kuondoka. Lakini mama mmoja nyuma yetu aliuliza ni kitu gani, na bwana mmoja mwenye kofia akamjibu kwa uhakika, "Ni pièce ya moteur. Imeharibika, wanatafuta ingine." Habari kwamba injini imeharibika ikaruka kiti kwa kiti. Mara watu wamesimama, mmoja anaomba kwa sauti, mwingine anadai sanduku lake, watoto wanalia kwa sababu mama zao wanalia.

Aliyekuwa mkuu wa wahudumu ni mwanamke wa rika langu, aitwaye Nathalie. Hakutumia kipaza sauti. Alipita kiti kwa kiti, na kila mmoja alimweleza kwa lugha yake, Kifaransa kwa huyu, Lingala kwa yule, na Kiswahili alichojifunza kwa shangazi yake Lubumbashi. "Moteur iko muzima. Mvua ya Kinshasa ndiyo inatukataza. Mimi sijui tutaondoka saa gani, na nikijua nitawaambia palepale, hata kama ni habari mubaya." Sauti zikashuka. Niliona kwamba neno lililowatuliza ni lile "sijui". Wengi tulikuwa tumezoea kuambiwa "bado kidogo".

Joto likapanda. Bwana mwenye kofia aliuliza kwa nini tusirudi tukakae ndani ya jengo, na Nathalie akaeleza kwamba nafasi ikipatikana tutaitwa ghafla, na tukiwa tumetawanyika tutaikosa. Lakini alikwenda mbele kwa rubani, na baada ya muda ngazi ikarudishwa, mlango wa nyuma ukafunguliwa, utepe mwekundu ukafungwa kukingama. Akatupanga twende kwa zamu kupata hewa: wajawazito, wenye watoto, wazee, halafu sisi wengine.

Niwaambie mambo niliyoyaona, maana mara nyingi tunawaona wale watu kama wauzaji wa soda wenye sare. Patrick alichovya vitambaa kwenye maji akawapa wazee wajifute shingo. Msichana wa tatu, yule wa nyuma, alimbeba mtoto mchanga wa mtu akampepea kwa kadi ya maelekezo mpaka mama yake akapata usingizi. Maji yalipopungua walianza kumimina nusu kikombe, na walisema wazi kwamba ni nusu ili yafike kwa wote. Papa alikuwa amebanwa na haja tangu asubuhi, hakutaka kuniambia mimi binti yake. Patrick aligundua kwa jinsi alivyokuwa anakaa. Akamwinamia sikioni, akampeleka, akamwonyesha komeo, akasimama nje ya mlango akiwa ameupa mgongo. Papa akarudi ameinua kichwa.

Biskuti zilikwisha. Ndipo mama wa nyuma yetu akafungua mfuko wake, harufu ya samaki wa moshi ikajaa ndege nzima. Akamtazama Nathalie kwa hofu, akidhani atakaripiwa. Nathalie akaleta sinia la chai. "Mama, weka hapa." Wengine wakafungua yao: lituma, karanga, mihogo ya kuchemsha, mayai. Patrick akalipitisha sinia lile kwenye njia kama padri, na kila mtu akamega. Bwana mwenye kofia alikula kuliko wote.

Zamu ya wazee ilipofika, Papa alikwenda mlangoni na Patrick. Nilibaki kitini nikifurahi kwamba amepata wa kuzungumza naye. Alikaa kule muda mrefu, wazee wenzake wakarudi, yeye bado. Nilipogeuka nilimwona ameshika ule utepe mwekundu kwa mikono yote miwili. Nje kulikuwa na upepo na harufu ya udongo, na mbali, upande wa mto, mawingu mazito. Nilimsikia anasema, maana wote tulimsikia, "Huko juu mvua ilinyesha. Mayi itapanda kesho."

Akarudi, akakaa. Hakugusa karanga. Nilimsimulia tena kuhusu wajukuu, majina yao, yupi anapenda nini. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kuvuka maporomoko:

"Mama, miye nashuka."

"Unataka hewa tena, Papa?"

"Hapana. Nashuka. Narudia kwangu."

Vichwa vikatugeukia. Nilihisi uso unawaka. Nikamwambia polepole kwamba jioni tutakuwa Kinshasa, kwamba amechoka, kwamba Morogoro kuna kitanda chake na daktari na watoto.

"Najua," akasema. "Uliniambia yote, na yote ni kweli."

Nathalie akaja. Nikamwahi kwa Kifaransa, haraka, ili Papa asielewe: ni joto tu, ni mzee, tafadhali usimsikilize. Akanijibu kwa adabu kwamba amenisikia. Halafu akachuchumaa kwenye njia mpaka macho yake yakawa sawa na ya Papa.

"Papa, binti yako anasema ni joto. Ni joto inakusumbua, ao ni roho yako?"

Papa akafikiri. "Joto iko. Lakini sababu haiko joto."

"Bon. Kunywa kwanza. Pumzika. Nitarudi kukuuliza tena, na ukibadilisha, hakuna mutu atakucheka."

Alimpa kitambaa kibichi na kikombe kilichojaa, si nusu. Akaenda zake kuwahudumia wengine. Nilimchukia mwanamke yule, nawaambia kweli. Alikuwa amempa baba yangu muda wa kuwaza, na hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu siku ile ya lituma.

Akarudi kama alivyoahidi, akachuchumaa palepale. "Alors, Papa?"

"Nashuka." Akanigeukia mimi, si yeye. "Kama ndege ingeruka asubuyi, ningeenda na ningenyamaza. Ningeikala kwako, ningekufa kwako, bila kusema kitu. Lakini tumeikala hapa, nimepata wakati ya kuuliza roho. Inasema hapana."

"Kwa nini basi ulikubali?"

"Sababu nilikuona unaenda kulia. Mama yako amekufa, sikutaka na wewe uondoke na machozi."

"Sasa ninalia, Papa."

"Ndiyo," akasema, akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye makovu ya kamba. "Lakini niko hapa, nakuona."

Mtu mmoja mbele akalalamika kwamba mzee atatuchelewesha. Nathalie akajibu bila kuinua sauti, "Papa hachelewesheye mutu. Ni mvua." Rubani mwenyewe akaja, kijasho kinamtoka, akamuuliza Papa kama ni hiari yake, akaniuliza mimi kama kuna wa kumpokea. Nikampigia Odette. Alikuwa hajaondoka uwanjani. Alikuwa amekaa kule nje muda wote, akisubiri kuona ndege inaruka.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Nathalie akafungua utepe. Papa, mfuko wake kwapani, akashika mkono wa Patrick, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akasimama. Akamwambia Nathalie kitu karibu na sikio, safari hii kweli alinong'ona, sijui alijifunza lini. Kisha akaanza kushuka, ngazi moja, anapumzika, ngazi nyingine.

"Madame," Nathalie akaniambia, "mulango iko wazi na kwako. Ukitaka kumufuata, nitashusha sanduku yako. Hakuna mutu atakukasirikia."

Mguu wangu mmoja ulikuwa nje ya mlango. Nawaapia ulikuwa nje. Nilimwona baba yangu anavuka ile lami, koti lake limepeperushwa, Patrick anapunguza hatua zake ndefu ili ziwe sawa na za mzee. Nilitaka kukaa juu ya yale mawe kesho asubuhi, nisikie anavyowagombeza vijana. Nilitaka Odette anitwangie ndizi. Kisha nikawawaza wanangu, na Hamisi, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Nikaurudisha mguu ndani.

Papa aliingia kwenye jengo. Hakugeuka.

Angani

Tuliitwa baadaye, jua likiwa limeanza kulegea. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha upande wa njia. Sikuhamia dirishani, sikuweza. Mkanda wa Papa ulikuwa bado umelegezwa kwa kipimo cha tumbo lake.

Tulipokuwa juu ya mawingu Nathalie akaja na sahani ndogo ya lituma iliyobaki, akakaa kwenye kile kiti. Alivua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba.

"Nilikuchukia leo," nikamwambia.

"Niliona."

"Na bado sijui kama nimeacha."

"Si lazima." Akanisogezea sahani. "Papa yako alisema kwenye sikio yangu: huyu akilia hakulagi, umuangalie akule. Nilimwahidi. Kwa hiyo utakula."

Nikala. Ilikuwa baridi na imekauka pembeni, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Akaniuliza ndizi za lituma zinachaguliwaje, na nikamweleza yote, za kuiva kiasi gani, kinu cha namna gani, jinsi Mama alivyokuwa akitwanga huku anaimba, nikajikuta nasimulia nyumba nzima, chumba kwa chumba. Alinisikiliza mpaka taa za kufunga mikanda zikawaka. Alipoinuka alijikaza usoni kwa maumivu ya miguu, akavaa viatu, akaenda kukagua mikanda ya watu akitabasamu.

Nyumbani

Mlango ulipofunguliwa Morogoro, mwanangu mdogo alinipita mbio akaenda kuchungulia ndani ya bajaji. Akarudi. "Babu yuko wapi?" Nikamwambia babu yuko kwake. Akafikiri, akauliza kama sasa chumba kile anaweza kulala yeye. Nikasema bado.

Odette amehamia kwa Papa na watoto wake. Anasema nyumba imekuwa soko, na Papa anajifanya kukasirika. Mimi nimeanza kusema na Hamisi kuhusu likizo ndefu, twende wote, watoto wakasimame juu ya mawe wamsikie babu yao. Bado tunaongea. Lakini usiku ule wa kwanza sikuweza kuongea na mtu. Nilisubiri mpaka asubuhi nikapiga simu, na nyuma ya sauti ya Papa kulikuwa na ngurumo ya maji, akawa anapiga kelele ili nimsikie.

Nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma. "Papa, mbona hukugeuka?"

"Nini?"

"Hukunitazama! Uliingia ndani bila kugeuka!"

"Ningegeuka ningerudi!" akapiga kelele. "Lakini sikuenda nyumbani. Odette alinivuta, nikakataa. Tuliikala ku clôture, ku uzio ya uwanja, mpaka ndege ikaanza kutembea."

"Sikukuona. Nilikuwa upande wa ndani."

"Na miye sikujua uko dirisha gani," akasema Papa. "Kwa hiyo nilipungia yote."